Barolo Haipendi Haraka Wala Joto

Ukitafuna ndizi ambayo haijaiva, au ukang'ata bibo la mkorosho lililochumwa mapema, mdomoni hutokea kitu ambacho si uchungu wala uchachu. Ulimi unakauka, mashavu yanavutwa kwa ndani, ufizi unakuwa kama umepakwa chaki. Huo ni ukakasi, na tunaujua tangu utotoni. Uweke akilini, maana sehemu kubwa ya mwongozo huu imesimama juu yake. Barolo changa, mvinyo mwekundu wa bei ya juu kutoka vilima vya Langhe, mkoa wa Piemonte, kaskazini magharibi mwa Italia, ina ukakasi huohuo. Mtu aliyetoa pesa nyingi akaifungua chupa jioni ileile hukunja uso na kuamini ameuziwa kitu kibovu. Si kibovu. Amemenya ndizi mbichi.

Nakuandikia wewe uliyeletewa chupa ya namna hii na ndugu aliyetoka Ulaya, au uliyeinunua Dar es Salaam, Nairobi au Mombasa, kisha mtu akakwambia: iweke tu, kadiri inavyokaa ndivyo inavyozidi kuwa nzuri. Ushauri huo umeua chupa nyingi. Ya kwangu ya kwanza niliiweka juu ya kabati la jikoni, Dar es Salaam, kwa miaka minne. Nilikuwa nikiitazama kila siku na kujisifu kwa subira. Siku niliyoifungua ilitoa harufu ya zabibu kavu zilizochemshwa sana, na nyuma yake siki kwa mbali. Hapakuwa na waridi, hapakuwa na cheri, hapakuwa na kitu chochote ambacho watu wa Langhe walikuwa wamekilinda kutoka shambani hadi kwenye chupa. Niliumia, na bado naumia nikikumbuka. Kukaa si kukomaa. Uzee mzuri wa mvinyo, nusu yake hutoka kwenye chupa na nusu hutoka kwenye nyumba inamolala.

Kilichomo ndani ya chupa

Barolo hutengenezwa kwa zabibu ya aina moja tu, Nebbiolo. Wengi husema jina hilo limetokana na neno la Kiitaliano la ukungu, kwa sababu zabibu hii huchelewa kuiva, na mara nyingi huvunwa Oktoba, vilima vikiwa vimefunikwa na ukungu asubuhi. Dodoma wakulima huvuna zabibu mara mbili kwa mwaka, lakini Langhe mavuno ni moja, na mwaka ukiharibika umeharibika. Ndiyo maana tarakimu za mwaka zilizoandikwa kwenye lebo zina uzito mkubwa kuliko pambo lolote la lebo hiyo.

Sheria ya Italia imeufunga mvinyo huu kwa masharti. Ni lazima utoke katika eneo la vijiji 11, baadhi yake Barolo yenyewe, La Morra, Castiglione Falletto, Monforte d'Alba na Serralunga d'Alba. Ni lazima ulazwe miezi 38 kabla ya kuuzwa, kuanzia Novemba 1 ya mwaka wa mavuno, na katika hiyo miezi 18 iwe ndani ya mapipa ya mbao. Ukiona neno Riserva, muda huo ni miezi 62. Kwa hiyo Barolo ya mavuno ya 2016 haikuruhusiwa kufika dukani kabla ya Januari 2020. Wengine wakisikia miaka hiyo hudhani mvinyo umeshaiva. Hapana, huo ni muda wa kutoka nyumbani tu. Safari ya kuiva ndiyo kwanza inaanza.

Udongo nao una neno. Upande wa magharibi, kwenye vilima vya La Morra na sehemu kubwa ya Barolo, mvinyo hutoka wenye manukato mengi na mwili laini, nao hukubali kunywewa mapema kidogo. Upande wa mashariki, Serralunga na Monforte, hutoka mgumu, mzito, wenye kutaka kusubiriwa. Tangu 2010 majina ya mashamba yanayoruhusiwa kuandikwa kwenye lebo yaliorodheshwa rasmi, kwa hiyo ukisoma Cannubi, Brunate, Bussia au Vigna Rionda, ujue unasoma jina la mahali na si la mapambo. Kama huna kumbukumbu ya majina, shika moja tu: chupa ya Serralunga usiiharakishe.

Kuna jambo la watu pia. Zamani wazee wa Langhe waliacha maganda ya zabibu yaloweke kwenye maji yake mwezi mzima na zaidi, kisha wakaulaza mvinyo miaka kwenye mapipa makubwa ya maelfu ya lita. Mwanzoni mwa miaka ya 1980 vijana wakachoka kusubiri. Elio Altare wa La Morra alichukua msumeno wa mnyororo akakata mapipa makuukuu ya baba yake, akaleta mapipa madogo mapya ya mwaloni, yale ya lita 225 kutoka Ufaransa, na kuloweka maganda siku chache tu. Baba alimnyima urithi. Ugomvi huo ulidumu miaka mingi, na upande wa wazee ulisimama na watu kama Bartolo Mascarello, aliyeandika kwa mkono wake kwenye lebo kwamba hataki mapipa madogo. Leo pande mbili zimesogeleana. Lakini kwa mnunuzi tofauti bado ipo: Barolo iliyolazwa katika mapipa madogo mapya hunukia vanila na kahawa ingali changa, na hufurahisha mapema, ile ya mapipa makubwa hukaa kimya miaka, ikifunguka polepole. Mimi niko na wazee. Vanila ya pipa ukiipata huku na kule duniani ni ileile. Waridi la Nebbiolo ni la huko tu.

Kwa nini uiweke

Ukakasi unaletwa na tanini, vitu vinavyotoka kwenye maganda na mbegu za zabibu, vilevile kama vinavyotoka kwenye majani ya chai uliyoisahau jikoni. Nebbiolo imejaaliwa tanini nyingi, na pamoja nayo ugwadu mkali wa asidi. Rangi imenyimwa. Usishtuke ukimimina Barolo ya miaka mitano na kuona wekundu hafifu, ukingoni umeanza kuelekea rangi ya tofali. Ndivyo ilivyozaliwa. Anayepima nguvu ya mvinyo kwa weusi wake, hapa atapotea.

Miaka inapopita, chembechembe za tanini na za rangi hushikana, zikawa minyororo mirefu, na minyororo ikiwa mizito huzama chini ya chupa. Hayo ndiyo mashapo. Kilichobaki juu kinakuwa laini, ukakasi unapungua, kinywa kinateleza. Wakati huohuo harufu nazo zinabadilika. Ikiwa changa utanusa cheri, waridi bichi, labda urujuani. Baadaye waridi linakauka kama lile lililowekwa kati ya kurasa za kitabu. Inakuja lami ya barabara mpya, ngozi, tumbaku, mzizi wa urukususu, majani makavu ya msituni, na mwisho ile harufu ya uyoga wa chini ya ardhi ambao mji wa Alba, jirani ya mashamba haya, ni maarufu kwao. Lami na waridi kusikika pamoja ndani ya glasi moja, hiyo ndiyo saini ya Barolo, na ukishaikuta mara moja utaelewa kwa nini watu wanasubiri miaka kumi na tano.

Asidi ndiyo inayoulinda mvinyo wakati hayo yote yanatendeka. Mvinyo wenye tanini bila asidi huzeeka vibaya, unakuwa mzito na mlegevu. Wenye asidi na tanini bila tunda huzeeka ukiwa mkavu, na siku ukakasi utakapoisha hutakuta kitu chini yake. Vitatu hivi vinahitajiana, na hapo ndipo kosa kubwa la wanaoanza lilipo: wanadhani kila mvinyo mkali utakuwa mzuri baadaye. Ukali peke yake si ahadi. Mivinyo mingi duniani, hata ya bei nzuri, imetengenezwa inywewe ndani ya miaka michache, na ukiiweka unaipotezea ujana wake bure.

Basi utajuaje kama chupa yako ina maisha mbele? Njia ninayoiamini kuliko maneno ya muuzaji ni hii. Nunua chupa mbili au tatu za mavuno hayohayo. Moja ifungue. Kunywa glasi moja, rudisha kizibo, iweke kwenye jokofu. Kesho onja tena, na keshokutwa. Ikiwa siku ya pili ni nzuri kuliko ya kwanza, harufu zimefunguka, ukakasi umekaa vizuri, na siku ya tatu bado imesimama, chupa zilizobaki zina miaka mbele yake. Ikiwa siku ya pili imechoka na tunda limekwenda, zilizobaki zinywe mwaka huu. Hewa ya siku mbili haifanyi kazi sawasawa na miaka kumi ndani ya chupa, lakini inakuonyesha nguvu iliyojificha.

Kuhusu miaka ya mavuno, 2010 na 2016 ilitoa Barolo zenye mwili na mizani ya kukaa miongo. 2013 nayo ni ya kusubiri. 2014 ulikuwa mwaka wa mvua na ubaridi, mivinyo yake mingi ni myepesi, na ukiinywa mapema hutapoteza. 2003 na 2017 ilikuwa ya joto; tunda liliiva haraka, na chupa nyingi hufaa kunywewa kabla ya ndugu zake. Kwa Barolo ya kawaida iliyolazwa vizuri, mwaka wa nane hadi wa kumi na mbili ni wakati mzuri wa kuanza kubisha hodi. Za mashamba makubwa na miaka mikubwa hufika ishirini, thelathini, na chache huvuka hapo.

Nyumba yako

Hapa naomba usome polepole.

Ghala la chini ya ardhi la Langhe lina nyuzi joto 12 hadi 14, mwaka mzima, gizani, na hewa yake ina unyevu. Chumba cha Dar es Salaam mwezi wa Februari hupita nyuzi 30 mchana, na usiku hakishuki sana. Kila kinachotokea ndani ya chupa ni kemia, na kemia hukimbia kadiri joto linavyopanda. Lakini haikimbii yote kwa mwendo mmoja. Ile inayoharibu hutangulia ile inayotengeneza. Kwa hiyo mvinyo uliokaa kwenye joto hauzeeki kwa haraka tu, unazeeka kwa njia nyingine, kama embe lililofukizwa kwa moto: nje rangi imebadilika, ndani halina utamu wa mtini.

Kibaya kama joto ni joto linalopanda na kushuka. Watu wengi huweka chupa chumba cha kulala kwa sababu kina kiyoyozi. Usiku kinawashwa, asubuhi kinazimwa, mchana chumba kinapikika. Mvinyo unapopata joto hutanuka na kusukuma kizibo. Unapopoa hunywea na kuvuta hewa ndani. Fanya hivyo siku mia tatu na uone kitakachobaki. Ukilazimika kuchagua kati ya mahali pa nyuzi 20 pasipobadilika na mahali panapokwenda 18 usiku na 29 mchana, chagua pasipobadilika bila kusita.

Kama unaishi Lushoto, Njombe au Limuru, au una shangazi huko mwenye stoo ya mawe isiyopigwa na jua, umebarikiwa. Nairobi na Arusha unaweza kujaribu kwa miaka michache ukitafuta kona ya nyumba isiyopigwa na jua, chini, mbali na paa la bati. Pwani, hata nyumba nene za mawe za Mji Mkongwe hazikupi ubaridi unaotakiwa. Zinakupa utulivu wa joto tu, na hautoshi. Pwani ni jokofu la mvinyo au usiweke kabisa. Nasema hivi nikijua bei ya majokofu hayo, na nikijua umeme wetu. Lakini piga hesabu: kama chupa ulizonazo kwa pamoja hazifikii bei ya jokofu, basi usinunue mvinyo wa kuweka. Nunua ule ulio tayari, au nunua Langhe Nebbiolo, zabibu ileile, vilima vilevile, imetengenezwa inywewe changa na bei yake ni nafuu zaidi. Hakuna aibu hapo. Aibu ni kuiacha kazi nzuri ya mtu ife juu ya kabati.

Ukipata jokofu la mvinyo, liweke nyuzi 13, mbali na jiko na dirisha, na uliunganishe na stabilaiza. Umeme ukikatika usifungue mlango. Jokofu lililojaa chupa hushika ubaridi wake kwa saa nyingi, na mkato wa jioni moja haudhuru. Chupa zilale ubavu ili kizibo kibaki na unyevu. Pwani lebo huota ukungu, hivyo zungushia kila chupa nailoni nyembamba ya kufunikia chakula kama unataka lebo isomeke baada ya miaka kumi. Iandikie kila chupa tarehe uliyoipokea, kwa penseli, kwenye karatasi iliyofungwa shingoni. Kumbukumbu ya kichwa hudanganya.

Jokofu la kawaida la jikoni je? Kwa miezi kadhaa linafaa, na ni bora mara mia kuliko kabati. Ni baridi kupita kiasi, ni kavu, na hutetemeka, kwa hiyo kwa miaka halifai, kizibo kitanyauka. Lakini kati ya baridi na joto, baridi inachelewesha na joto linaua.

Tabia hiyohiyo ya uangalizi anza nayo dukani. Chupa iliyosafiri baharini ndani ya kontena lisilopozwa, ikakaa bandarini juani, imekwisha kabla hujailipia. Pitisha kidole juu ya kizibo: kikiwa kimeinuka na kuisukuma foili, acha. Ukiona utando wa kunata chini ya foili, mvinyo umevuja, acha. Kiwango cha mvinyo kwenye chupa changa kinatakiwa kiwe ndani ya shingo. Kikiwa kimeshuka hadi mabegani, acha. Muulize mwenye duka chupa zililetwa lini na kama kiyoyozi huzimwa wakifunga usiku. Akikasirika kwa swali hilo, umepata jibu. Na chupa ya miaka kumi na tano iliyosimama kwenye rafu ya duka la mjini, chini ya taa, sitaichukua hata kwa nusu bei. Afadhali changa iliyoingia mwezi uliopita.

Siku ya kuifungua

Wanasema mvinyo mwekundu unywewe kwa joto la chumba. Chumba hicho ni cha Ulaya ya zamani, si sebule ya Mombasa. Barolo inapendeza kwenye nyuzi 16 hadi 18. Ikitoka kwenye jokofu la mvinyo iache mezani muda mfupi. Ikiwa imekaa sebuleni, iingize kwenye jokofu la kawaida hadi ipoe kufikia nyuzi hizo. Ikiwa vuguvugu, kilevi chake, ambacho kisheria hakipungui asilimia 13 na mara nyingi hufika 14, kitapanda puani na kufunika waridi lote.

Chakula kiwe na mafuta na nyama, maana protini na mafuta huishika tanini na kuilainisha. Piemonte hupika nyama ya ng'ombe polepole ndani ya mvinyo huohuo. Kwetu mbuzi wa kuchoma, mchuzi wa mifupa yenye uboho, au pilau ya nyama isiyozidishwa viungo itakaa nayo vizuri. Pilipili iweke mbali. Pilipili na tanini zikikutana, mdomo unaungua na mvinyo unageuka mchungu.

Kama chupa ni ya miaka sita au saba na umeshindwa kusubiri, imimine yote kwenye jagi pana la kioo saa tatu kabla ya kula. Hewa itafanya kile inachoweza. Onja kila baada ya saa moja ujifunze inavyokwenda.

Kama ni nzee, ya miaka ishirini na kuendelea, usiitendee hivyo. Isimamishe wima siku mbili kabla, mahali pa baridi, ili mashapo yote yashuke. Kizibo kitakuwa kimelegea, hivyo zungusha kizibuo taratibu hadi karibu na mwisho wake na uvute bila kutikisa. Futa mdomo wa chupa kwa kitambaa safi. Inuse kwanza: harufu ya mara moja ya vumbi au uyoga mara nyingi huondoka baada ya dakika kumi, basi usihukumu mapema. Kisha washa tochi ya simu, iweke nyuma ya shingo ya chupa, na umimine kwa mkono mmoja bila kusimama, mvinyo ukipita kwenye mwanga kama uzi mwekundu. Utakuja kuona moshi mweusi unasogea kutoka tumboni kuelekea shingoni. Hapohapo simamisha mkono. Vidole viwili vya mvinyo vitabaki chini pamoja na mashapo. Viache humo humo.